Ukipewa kazi ya kuandika wasifu wa mwalimu wa kwaya

Msibani kazi hugawanywa haraka. Wenye nguvu huenda makaburini, wenye gari hufuata jeneza, na wewe kijana mwenye kompyuta mpakato unakabidhiwa wasifu wa marehemu. Mkubwa wa familia anakuletea mkoba wa vyeti na kukuambia usomwe kesho kabla ya ibada. Ukoo wetu umejaa walimu, kwa hiyo kazi hii nimeizoea. Nawaandikia nyinyi mnaoipokea kwa mara ya kwanza, hasa kama aliyelala alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa muziki.

Mkoba utakupa mengi usiyoyahitaji: namba ya ajira, barua za uhamisho, hati ya kustaafu. Utakachokosa ndani yake ni muziki. Ndiyo maana wasifu nyingi za walimu hawa zina kile kisentensi kimoja, "alikuwa mpenda muziki", kimebanwa katikati ya "mcha Mungu" na "mkulima hodari". Kazi yako ni kukifungua hicho.

Vyeti usivitupe lakini, maana mwaka wa ajira una habari zake. Aliyeshika chaki baada ya Azimio la Arusha, 1967, alifundisha kwaya zilizoimba Ujamaa na Kujitegemea, na ngonjera za kumpokea mgeni wa wilaya. Aliyeingia kwa mkondo wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya uamuzi wa Musoma wa 1974, pengine alitoka darasa la saba na kujifunza ualimu huku akiwa tayari anafundisha. Walimu hao walidharauliwa sana, na sijui kama dharau ile ilikuwa ya haki. Kwa mtu wa namna hiyo, usiandike kwamba muziki aliupata chuoni. Uliza. Huenda aliupata kwa katekista, au kwa mwalimu mkuu aliyekuwa na kinanda cha kukanyaga.

Kisha tafuta daftari. Mwalimu wa kwaya wa kizazi kile aliandika nyimbo zake kwa solfa, yaani sauti za muziki kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na juu kushoto akaweka ufunguo, kwa mfano "Doh ni G". Daftari hilo mara nyingi liko chini ya godoro, au sandukuni pamoja na Biblia. Liombe kwa mjane au kwa binti mkubwa kabla nyumba haijaanza kusafishwa. Madaftari ya zamani ndiyo huwashia moto siku vyombo vinapopangwa upya.

Ukilipata, lipige picha ukurasa kwa ukurasa mchana, karibu na dirisha. Usimpe mtu achape upya usiku ule. Katika solfa kuna vikwaju vidogo: kikiwa juu ya herufi, sauti inapanda oktava, kikiwa chini, inashuka. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hukata pigo nusu, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Mchapaji asiyejua huviona kama uchafu wa kalamu na kuviacha. Maneno yatabaki yote, lakini besi itajikuta inaimba juu kuliko soprano, na hakuna atakayejua wimbo uliharibikia wapi.

Na kama daftari halipo? Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Wimbo wa sauti nne hauko kichwani mwa mtu mmoja. Usiwaulize wanafunzi wake "mnaukumbuka ule wimbo?", kwa sababu wote watakuimbia sauti ya kwanza. Mtafute aliyeimba alto, kisha teno, kisha besi, na kila mmoja mrekodi peke yake kwa simu. Msibani wapo, wamekaa kwenye mikeka wanasubiri chai. Niliwahi kumwona mzee mmoja, seremala, aliyekuwa hakumbuki neno hata moja la beti, lakini mstari wake wa besi aliutoa mzima.

Kaseti ukizikuta usizijaribu kwenye redio mbovu ya jirani. Utepe wa zamani ukinaswa umekatika. Zihifadhi mahali pakavu mpaka apatikane fundi mwenye mashine nzuri.

Mtu anaweza kuona haya yote ni makubwa mno kwa mwalimu wa kijijini. Basi aangalie habari za Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao muziki wake sisi Watanzania tunauimba kila siku kama wimbo wa Taifa. Alifariki 1905. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miongo mingi, mpaka likatafutwa katika miaka ya 1990 na kutangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Maswali kwa familia yawe madogo. "Alikuwa mtu wa namna gani?" italeta "alikuwa mpole". Uliza alikuwa akiimba nini akinyoa ndevu. Uliza ni kosa gani la kwaya lililomfanya asimamishe mazoezi na kutoka nje. Uliza baada ya kustaafu, akiwa na miaka 60, mikono yake ilikuwa inafanya nini saa za mazoezi ya jioni.

Kwa Waislamu hali ni nyingine. Maziko ni ya haraka na wasifu mrefu hauna nafasi, hivyo kusanya taratibu kwa ajili ya hitima au arobaini. Kama marehemu alipiga udi kwenye taarabu, waulize kwanza wanawe kama wangependa litajwe. Wengine watafurahi, wengine watakuomba ubaki na kaswida za madrasa, na hilo ni lao kuamua.

Siku yenyewe soma dakika tano, si zaidi. Orodha ya wajukuu mwachie msemaji wa familia. Picha za daftari usiziache kwenye kundi la WhatsApp la msiba, maana kundi hufungwa michango ikiisha na simu hubadilishwa. Chapisha nakala mbili. Moja ibaki nyumbani, nyingine mpelekee mwalimu wa kwaya wa sasa, umwombe ajaribu nyimbo mbili tatu kabla ya arobaini. Akikwama kwenye besi, yule seremala bado yupo wa kuulizwa.