Kula kwa dabo besi hapa Malindi

Vijana huniuliza: mtu aweza kuishi kwa dabo besi peke yake, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kusimama? Mimi nimelea watoto kwayo. Lakini sikuwalea kwa solo, yaani kujionyesha peke yangu huku wenzangu wakinisikiliza.

Nilipoanza nilitaka kuwa Jimmy Blanton, kijana aliyeingia bendi ya jazi ya Duke Ellington kule Marekani mwaka 1939, akaifanya besi iimbe, kisha akafariki 1942 akiwa na miaka 23 tu. Kila wimbo nikaujaza noti. Usiku mmoja mpiga piano wetu, mzee wa watu, akaniita kando: "Mwanangu, mimi nataka pa kukanyaga, wewe wanimwagia maji." Nilijifungia wiki mbili na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, mapigo manne, mapigo manne, bila pambo. Hapo ndipo simu zilipoanza kulia. Mpiga besi wa jazi Ron Carter aliingia kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2015 kwa kupiga katika rekodi 2,221 za muziki, na nyingi ni kazi za wenzake. Msikilize huyo kila siku.

Hoteli zetu zina msimu. Masika yakiingia Aprili wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na kodi ya nyumba haifungi. Kilichoniokoa ni harusi za taarabu. Dabo besi si mgeni kwenye taarabu, Zanzibar wameipiga miaka na miaka, na mkono uliozoea jazi hukaa vizuri humo, mradi ujifunze kumpisha mwimbaji anapotia ubeti. Ila chukua arubuni kabla hujatoka nyumbani, na uhesabu nauli mbili: besi nayo hulipiwa kiti.

Chumvi ya bahari hula nyuzi za chuma, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Unyevu ukizidi, ubao wa mbele huvimba na nyuzi huinuka, vidole vikaumia bure. Tafuta daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, lile la kupandisha na kushusha.

Na hili nalisema kwa uchungu. Tukivuka kwa mashua kutoka Mokowe, bara, kwenda kisiwa cha Lamu kupiga usiku tatu, wimbi lilitupiga, nikasikia *tok* tumboni mwa besi. Kile kijiti kinachosimama ndani, kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, kilikuwa kimeanguka. Sikujua. Niliacha nyuzi zimekazwa hadi asubuhi, na ubao ukapasuka. Fundi alichukua zaidi ya malipo ya usiku zote tatu. Ukisikia mlio huo, legeza nyuzi zote hapo hapo, hata kama mko katikati ya maji. Besi ni ile ile ninayopiga hadi leo. Ufa waonekana chini ya daraja, na gundi imeshika.