Mbunge na barabara ya Katuba

Ndugu, umeuliza mbunge wetu wa Lubumbashi anafanya kazi gani hasa, ikiwa barabara ya Katuba bado imejaa mashimo. Kutengeneza barabara ni kazi ya serikali. Yeye, akiwa mmoja kati ya wabunge 500 wa Bunge la Taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutunga sheria, huchunguza bajeti katika kikao cha tarehe 15 Septemba hadi 15 Desemba, na anaweza kumwita waziri ajibu maswali hadharani, jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo anaporudi huku wakati wa likizo ya Bunge, mpelekeeni barua yenye sahihi za wakaaji, na mumwombe awaonyeshe ukurasa wa bajeti ulioandikwa fedha za barabara hiyo.