Rozini ya fidla imevunjika: niiyeyushe au niitumie hivyo hivyo?

SWALI: Napiga fidla katika kikundi cha taarabu hapa Unguja. Rozini yangu, kile kipande kigumu cha utomvu ninachopaka kwenye upinde ili ushike nyuzi, imeanguka sakafuni ikavunjika vipande vipande. Mwenzangu kaniambia niiyeyushe kwenye sufuria juu ya jiko la gesi. Ni salama? Halafu tangu masika yaanze, upinde unanata na sauti inakwaruza. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiiweke rozini juu ya moto moja kwa moja. Rozini ni kinachobaki utomvu wa msonobari ukishatolewa mafuta ya tapentaini, kwa hiyo inashika moto, na moshi wake unabana kifua, hasa kwa mwenye pumu.

Kabla ya kuyeyusha, tazama vipande. Kile unachoweza kukishika vizuri bila vidole kugusa singa (nywele) za upinde, kitumie kama kilivyo. Ufa hauharibu kazi ya rozini. Vinavyohitaji kuyeyushwa ni vile vidogo na chenga zake.

Rozini huanza kulainika kwenye nyuzijoto 70 hadi 80 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Chukua kikombe cha aluminiamu cha mshumaa mdogo, kisafishe nta yote, kikaushe, kisha kijaze vipande. Kiweke ndani ya kopo la bati, na kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, maji yafike nusu ya kimo cha kopo. Fungua madirisha. Usifunike, kwa sababu mvuke utadondosha maji ndani. Usikoroge pia, maana kukoroga kunaingiza mapovu, na penye povu ndipo itakapovunjikia tena. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Haitakuwa nyepesi kama maji. Ikiwa nzito kama asali na vipande vimeshikana, imetosha. Zima jiko, uiache hapo hapo ipoe pamoja na maji. Ukiitia kwenye friji itapasuka. Ikishakuwa baridi kabisa, chana kikombe uitoe. Kopo hilo lisirudi tena kwenye kazi za chakula.

Usichanganye nta, mafuta wala ubani. Nta na mafuta hufanya singa ziteleze, na singa zikishaingia mafuta ni shida kuzirudisha.

Uso wa rozini mpya, au iliyoyeyushwa, huwa laini kama kioo na haushiki singa. Usugue kidogo kwa msasa laini, namba 320 kwa mfano. Usiuchane kwa kisu, kwani kingo zake zitamomonyoka. Unapopaka, weka kidole gumba juu ya pete ya chuma iliyo karibu na kishikio cha upinde. Pete hiyo ikigonga rozini ndiyo inayomega pembe zake, na rozini nyingi huanza kuharibika hapo. Zungusha rozini kila mara ili singa zisichimbe mfereji mmoja.

Sasa huko kunata. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, rozini inakuwa laini, na ukiongeza nyingine juu yake unazidisha tatizo. Acha kupaka kwa muda. Futa singa taratibu kwa kitambaa kikavu cha pamba, upige, usikilize. Paka mara tatu au nne tu, pale upinde unapoanza kuteleza kwenye nyuzi. Ukinunua nyingine, kwa hali ya hewa ya pwani chagua ya rangi nyepesi, iliyo ngumu. Ile nyeusi kwa kawaida ni laini zaidi na inafaa penye baridi na ukavu. Itunze kwenye kikasha kilichofungwa, mbali na jua, na usiiache ndani ya gari.

Kila ukimaliza kupiga, legeza upinde, kisha futa unga wa rozini kwenye nyuzi na kwenye ubao wa fidla kwa kitambaa kikavu. Ukiachwa, joto litaugandisha juu ya vanishi. Ukishaganda usijaribu spiriti, kwa sababu itaondoka na vanishi yenyewe. Mpelekee fundi wa fidla.