Kwa nini setilaiti haituangukii?
Ndugu uliyeuliza kama huko juu hakuna uvutano: upo, tena mwingi. Kilomita 500 juu yetu bado ni zaidi ya asilimia 80 ya huu wa hapa Malindi. Setilaiti inaanguka muda wote! Ila inakwenda mbele karibu kilomita 7.6 kwa sekunde, na kadiri inavyoshuka, uso wa dunia nao unapinda chini yake. Uvutano ukikatika, itanyoosha njia iende zake.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ilirushwa papa hapa pwani yetu, kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililo baharini, tarehe 12 Desemba 1970. Vijana wafundishwe hili. Ilirudi angahewani 1979, maana hata huko juu ilikokuwa ikizunguka kuna hewa nyembamba inayoipunguzia nishati kidogo kidogo.