Nyumba imepigwa X, fidia haijalipwa: nidai nini?

SWALI: Nyumba yangu ipo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kwenye eneo linalotwaliwa kwa mradi wa serikali. Wathamini walipima, wakapiga picha, ukutani ikabaki X nyekundu. Nimetajiwa milioni 42. Huu ni mwezi wa ishirini, kimya. Sina hati, nina leseni ya makazi tu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kukaa roho juu muda wote huo. Kukosa hati hakukufuti. Leseni yako, pamoja na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, ni ushahidi wa maslahi yako. Angalia tu kama leseni imeisha muda, ukaihuishe.

Jambo la kwanza ni mchanganuo wa hizo milioni 42, kwa sababu jumla peke yake haisemi kitu. Kwa kanuni za uthamini wa fidia ya ardhi za mwaka 2001, thamani ya ardhi na maendelezo yake (nyumba, kisima, miti) ni mwanzo tu. Juu yake kuna posho ya usumbufu: thamani hiyo mara wastani wa riba ya benki za biashara kwa amana za miezi 12. Kuna posho ya makazi: kodi ya soko ya nyumba kwa mwezi mara 36. Kuna usafiri: gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwenye duka hudai pia faida halisi ya mwezi mara 36, ila awe na hesabu zilizokaguliwa. Hapo ndipo wengi hukwama, wanaenda na daftari la mauzo tu. Kiwanja kitupu hakipati makazi, usafiri wala faida.

Tuseme milioni 42 ni thamani tupu, riba ni asilimia 7, na nyumba kama yako inapangishwa 200,000. Usumbufu ni 2,940,000, makazi 7,200,000. Unafika 52,140,000 kabla ya usafiri. Kama posho hizi hazimo kwenye jedwali la fidia yako, andika pingamizi sasa, kabla ya kusaini malipo.

Pili, tafuta tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha jedwali lako. Kwangu tarehe hiyo ina uzito kuliko jumla yenyewe. Sheria ya Uthamini ya 2016 inahesabu kuanzia hapo: miezi sita ikipita bila malipo, riba inaanza kukimbia, miaka miwili ikipita, uthamini umekufa na lazima ufanywe upya. Watu huhesabu kuanzia siku ya X, wanadai kabla ya wakati na kurudishwa. Iombe tarehe hiyo kwa barua kwa mthamini wa halmashauri, nakala kwa taasisi inayotwaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kama mradi ni wa barabara kuu, pima mwenyewe kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara (ukanda uliotengwa kwa ajili yake) kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyejenga kihalali kati ya vipimo hivyo kabla ya mabadiliko ana madai. Aliyejenga ndani ya 22.5 kwa kawaida hana. Baadhi ya barabara zina hifadhi pana zaidi, kwa hiyo uliza ya kwenu.

Chumba utakachoongeza baada ya uthamini hakitahesabiwa. Paa linalovuja lizibe, unaishi humo.

Barua zisipojibiwa, muone wakili: kuishtaki serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90.