Jibu kwa mleta mada: Je, filamu kama "Rafiki" hazina mtazamaji nyumbani?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama filamu huru za Kenya zinazogusa mapenzi ya jinsia moja zinatengenezwa kwa ajili ya wafadhili na matamasha ya Ulaya tu, kwa kuwa hapa nyumbani hazina mtazamaji. Nilikuwa katika ukumbi wa Prestige, Nairobi, Septemba 2018, wakati "Rafiki" ya Wanuri Kahiu iliporuhusiwa kuoneshwa kwa siku 7, na niliyoyaona pale hayakubaliani na dai hilo.

Ni kweli kwamba fedha nyingi zilitoka nje, kwani hapa kwetu ni vigumu kumpata mwekezaji wa filamu yoyote, sembuse ya wasichana wawili wanaopendana. Hata hivyo, chimbuko lake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka 2007, na wasichana hao, Kena na Ziki, ni mabinti wa wagombea wanaowania kiti kimoja katika siasa za mtaani. Mama Atim, mwenye kibanda anayesambaza umbeya wa mtaa mzima, aliwavunja watu mbavu kabla hata hajamaliza sentensi zake, maana kila mtu pale alikuwa na Mama Atim wake. Kundi la watu lilipowavamia wasichana wale na kuwapiga, kicheko kilikatika ghafla. Na pale baba yake Kena, mgombea anayehitaji kura, aliposimama upande wa bintiye, mama mmoja wa makamo aliyekaa safu ya mbele yangu alisema kwa sauti, "Huyo ndiye mzazi." Sidhani alikuwa akizungumza na mfadhili yeyote.

Kuhusu marufuku yenyewe, wengi hudhani kilichoiudhi Bodi ya Uainishaji wa Filamu mwezi Aprili 2018 ni matukio ya faragha. Filamu ile ina staha kubwa. Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno na haukuonesha majuto, naye akakataa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uasi wake: hakukubali kuwaadhibu wahusika wake ili mtazamaji arudi nyumbani akiwa ameridhika. Mwezi uliofuata ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes, huku Wakenya wenyewe wakiwa hawaruhusiwi kuitazama. Jaji Wilfrida Okwany, alipoisimamisha marufuku hiyo kwa muda ili watu wazima waitazame, alisema haamini kwamba jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu kama hiyo.

Ukitaka kulipima swali lako vizuri zaidi, tafuta pia "Stories of Our Lives" ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Jim Chuchu pamoja na kundi la wasanii la Nest, ambayo nayo ilipigwa marufuku. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na visa vyake 5 vimetokana na simulizi walizokusanya kwa Wakenya wenyewe. Anza na kile cha "Athman", kinachohusu vibarua wawili wa shambani ambao ni marafiki wa siku nyingi, mmoja akimpenda mwenzake asiyeweza kumrudishia penzi hilo.