Mnaniuliza kama nina raha huku

Kamwene, watu wa nyumbani. Mdogo wangu aliniuliza kwenye simu, halafu shangazi na binamu nao wakadakia: "Dada, achana na picha. Tuambie ukweli, huko Marekani una raha au unajikaza tu?" Nawajibu wote kwa pamoja, nisije nikamwambia huyu hivi na yule vile, mkakutana msibani mkaanza kulinganisha.

Raha ile mnayoijua ninyi, ya kukaa nje saa kumi jioni, mtu anapita, anapiga hodi, na sufuria inarudishwa jikoni kwa ajili yake, hiyo sina. Lakini nimeridhika. Wala sijikazi.

Suala la pesa nilimalize upesi, maana najua wapo wanaolisubiri hilo tu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, hapa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Nalipwa dola 20 na kitu kwa saa. Mkizigeuza shilingi mnaniona waziri. Sasa toeni: kabla hela haijanifikia serikali kuu imekata yake, jimbo limekata lake, asilimia 6.2 imekwenda kwenye pensheni ya taifa na 1.45 kwenye matibabu ya wazee. Hiyo ya wazee siinung'unikii, naiona ikitumika kila usiku. Kuna kodi ya nyumba, kuna bima ya gari, na kuna bima ya afya ambayo ukiugua bado inakutaka uanze kulipa wewe mpaka ufike kiwango fulani, ndipo yenyewe iingie. Kinachobaki kinatosha kula, kuwatumia, na kuweka akiba kidogo. Kinachonituliza ni kwamba siku ya malipo ikifika hela ipo, na leseni ya udereva niliipata bila kumjua mtu ofisini. Baridi mnaisikia. Tuliokulia Mafinga tunajidai tunaijua, mpaka uone ziwa limeganda watu wanapita juu yake na magari, na wazee wamejenga vibanda pale katikati wanavua samaki kwa kutoboa barafu. Tuiache.

Chakula kwanza, kwa sababu mboga ndiyo iliyonijulisha kwa majirani. Mtaa huu umejaa Waliberia, na Waliberia wanakula matembele na kisamvu kuliko sisi. Siku nilipokiona kisamvu kwenye friji la duka lao, kimegandishwa kwenye mfuko, nilikishika kwa mikono miwili mwenye duka akacheka. Wao wanakipika na mawese, pilipili ya kuumiza, kuku na samaki ndani ya sufuria moja. Mara ya kwanza niliona fujo. Sasa nikipika cha kwetu cha nazi na karanga, naona kama kimepungukiwa. Mama akisikia hili atanikana.

Mchicha na majani ya maboga nanunua St. Paul, kwenye soko la Wahmong. Hawa ni watu wa milimani Laos waliokimbilia huku baada ya vita iliyokwisha 1975, na ni wakulima hasa. Bibi ninayenunua kwake hajui Kiswahili, mimi sijui Kihmong, na Kiingereza chetu wote wawili ni cha bei tu. Siku moja aliniona nachagua majani makubwa makubwa. Akaninyang'anya, akanichagulia yale ya nchani yenye vikonyo laini, akashika kikonyo kimoja, akakivunja kidogo na kuvuta ule uzi mpaka chini, halafu akanitazama kuona kama nimeelewa. Nikachukua cha pili nikavuta na mimi. Alicheka sana. Mnajua ni nani aliyenifundisha kuvuta huo uzi, nami nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko.

Unga nawaonya mtakaokuja: ule wa Kimeksiko unaouzwa kila duka mahindi yake yamechemshwa kwanza na chokaa. Ukisongea ugali unapata uji mzito wenye harufu ya kitu kingine. Tafuteni duka la Waafrika. Na nyama ya mbuzi ni kwa Wasomali, ambao wengi wao walipitia kambi za Kenya na Kiswahili wanakijua. Kuna muuza nyama ananiita "dada wa Tanzania", ananiwekea mbavu. Tatizo lake anataka kila ukila wali ule na ndizi mbivu pembeni. Nimekubali.

Halafu kuna kanisa. Kama mnavyojua, sinodi ya Kilutheri ya hapa St. Paul na dayosisi yetu ya Iringa ni washirika tangu 1987, ule ushirika wa Bega kwa Bega, kwa hiyo Jumapili yangu ya kwanza nilimkuta mzungu wa makamo anayeniuliza habari za Kidabaga, anakutamka vizuri kuliko watu wa Dar. Wenyeji hapa wengi ni wajukuu wa Wanorwe na Waswidi. Vuli inapofika wanaandaa chakula cha kwao kiitwacho lutefisk: samaki aliyekaushwa mpaka akawa gogo, halafu akalowekwa siku kadhaa kwenye magadi makali, akasuuzwa, akachemshwa. Anakuja sahanini anatikisika, wamemmwagia siagi. Pembeni kuna chapati nyembamba ya viazi, hiyo nzuri kweli. Mama niliyekaa naye alininong'oneza kwamba hampendi huyo samaki tangu utoto; anamla kwa heshima ya babu yake. Nikawaza wajukuu wa wanangu nao, miaka mia ijayo, wamefumba macho wanatafuna dagaa wa Nyasa kwa heshima yangu.

Muziki ndio ulionipa shida. Nyumbani muziki wa jirani ni wako, utake usitake. Asubuhi kwaya ya nyumba ya pili, mchana singeli ya bodaboda, jioni baba anafungulia redio kusikiliza dansi, akianza kuwasifu Sikinde mjomba anamjibu kwa Msondo, na hapo chai inapoa. Huku kila mtu ana wake masikioni. Unaingia basi limejaa watu na kila mmoja yuko kwenye harusi yake. Watanzania tukikutana tunafungulia kwa sauti, watoto waliozaliwa hapa wanaruka singeli wasiyoelewa hata neno moja, lakini ikifika saa nne usiku mwenye nyumba anaanza kuchungulia dirishani, maana jirani akipiga simu polisi wanakuja kweli.

Niliponea mahali ambapo sikutarajia. Kazini kuna mzee wa kujitolea, anakuja na kodiani yake kuwapigia wakazi polka, muziki wa dansi wa Kizungu. Mimi si mtu wa pwani, taarabu niliijulia redioni, lakini ile kodiani nikiisikia huwa nasubiri fidla ziingie, halafu ule wimbo mrefu wa kumsema mtu. Haziingii. Badala yake bibi wa miaka tisini na kitu anapiga makofi kwenye kiti cha magurudumu, nami namsukuma tunazunguka ukumbi. Sitawadanganya kwamba ni sawa na ngoma ya nyumbani. Ila siku za kodiani narudi nyumbani sijachoka.

Sasa siasa, ambayo ndiyo imewafanya baadhi yenu muache kunisalimia.

Nianze na huku. Nina mzee mmoja kwenye zamu yangu, televisheni yake haizimwi, ni habari za siasa usiku kucha. Wakati mmoja namvalisha soksi, akaniambia wahamiaji wote wafukuzwe, nchi imejaa. Nikamuuliza, "Hata mimi?" Alishtuka kweli kweli. "Siyo wewe! Wewe ni wetu." Akaniongezea mguu wa pili nimvalishe. Sikukasirika, na sikufurahi pia. Hilo jibu nimeshalisikia kwa Kiswahili. Ni lile lile tunalowapa wakimbizi wa Burundi kule Kigoma: warudi kwao wote, isipokuwa huyu anayetusaidia shambani.

Mwaka 2024 jirani wa kushoto alisimika bango la Trump kwenye nyasi, wa kulia akasimika la Harris na mgombea mwenza wake Walz, gavana wetu. Theluji ilipoanguka, wa Trump alitoka na mashine yake akasafisha njia yake, yangu, na ya yule wa Harris. Nikadhani hawa wameiweza demokrasia. Baadaye nikaona kwamba hawazungumzi kabisa. Wanapungiana mkono. Watu wa hapa wana adabu kubwa ya kunyamaza, na nilidhani adabu hiyo inatosha, mpaka Juni 14, 2025, hapa hapa Brooklyn Park, mtu aliyejivika kama polisi alipomwendea usiku nyumbani kwake Melissa Hortman, aliyewahi kuwa spika wa bunge la jimbo, akamuua yeye na mumewe. Asubuhi ile tuliambiwa tusitoke ndani, muuaji hajakamatwa. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia Wamarekani wamestaarabika kisiasa kuliko sisi, mwambieni dada yenu alijifungia chumbani.

Na sasa ya kwetu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana walipoandamana na intaneti ikazimwa, huku nilikuwa natuma ujumbe unabaki na alama moja ya tiki. Sijawahi kuuchukia utulivu wa nyumba hii kama siku zile. Iliporudi, kabla hatujamaliza kuulizana nani mzima, mjomba na kijana wetu wa Dar walikuwa wameshaanza: huyu anasema vijana wamenunuliwa na watu wa nje, yule anasema wazee wameuza nchi. Nikaingia kati kwa maneno makali. Mjomba akanijibu kwamba mimi nachochea moto nikiwa nimekaa kwenye hita, mabomu ya machozi hayanifikii. Akajitoa kwenye kundi la familia.

Mjomba, nakujibu kwa heshima. La hita ni kweli. Walioko nje tunapiga kelele kuliko wote na hatulipii, na wapo wenzangu huku ambao ushujaa wao unaishia kwenye simu. Lakini usiseme hainihusu. Natuma ada, natuma ya hospitali, na kura sina. Wakenya wa hapa walimpigia kura rais wao mwaka 2022, huko Washington, New York na Los Angeles. Sisi hata karatasi hatujaonyeshwa. Mtu asiye na kura ataongea kwa mdomo, huo ndio aliobakiwa nao.

Ila kuna jambo moja linaniuma zaidi ya nani alikuwa sahihi. Uchaguzi wa 1995 baba alikuwa Mrema damu, upande wa upinzani, na wewe CCM damu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mlivyogombana, baba akagonga meza, ukamwita msaliti. Halafu bibi akaleta maji ya kunawa, kwenye beseni moja, na mkanyamaza kwa sababu kinywa kilikuwa na ugali. Mlipomaliza mkaendelea kugombana, ila taratibu. Kundi la simu halina beseni. Mtu akikasirika anabonyeza, anatoka, na hakuna anayemfuata mlangoni kumwambia chakula tayari. Nikiwaambia nimeridhika huku, toeni hapo hesabu moja: hilo silipati, na dola haziliwezi.

Ya huku nayo nimeyatengenezea dawa. Jumamosi moja moja nakaribisha watu, Mliberia, Msomali, Mkenya mmoja mbishi sana na Watanzania wa pande zote mbili, akiwemo mmoja ambaye ni kada hasa wa tawi la chama huku. Simu zinawekwa jikoni. Bishaneni mnavyotaka, lakini hakuna kuondoka kabla ya kula. Kada wetu ameshasusa mara moja. Nikamfuata mpaka kwenye gari kwenye theluji nikiwa na kandambili, akarudi kwa aibu ya kuona vidole vyangu.

Anayeuliza kama nitarudi: uraia wa hapa sijauchukua, kwa sababu sheria yetu hairuhusu viwili na sipo tayari kuomba viza ya kwenda kwenye kaburi la baba. Zaidi ya hapo msinibane. Binamu anayetaka kuja, asiuze shamba kwa ajili ya wakala aliyemuahidi kazi. Anitumie kwanza hayo makaratasi niyasome.

Na mjomba, nimeomba urudishwe kwenye kundi. Wageni wa sinodi wanakuja Iringa mwezi wa saba, nimewapa bahasha yako na miwani ya kusomea. Usiwape nyama kavu waniletee, inatupwa uwanja wa ndege. Wape unga wa ulezi, kilo mbili zinatosha.